ELIMU YA AFYA: MATUMIZI YA VITAMINI C

Imekuwa kawaida kwa watumishi na wananchi wengi, mafua yanapoingia, kununua vidonge vya vitamini C vya miligramu 1000 na kuvitumia kwa siku nyingi mfululizo, kwa kuamini kuwa dozi ikizidi na kinga nayo huzidi. Dhana hiyo si sahihi, na kwa baadhi ya watu ina madhara.

Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza vitamini hii. Anayeikosa kwa miezi kadhaa hupatwa na kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea na vidonda havifungi. Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwagawa mabaharia 12 waliougua maradhi hayo katika meli ya Salisbury wawili wawili, kila jozi kwa tiba yake. Waliopata nafuu upesi ni wale waliopewa machungwa na malimau.

Faida nyengine, isiyosemwa sana, ni kuusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mchicha na kunde. Mwenye upungufu wa damu, hasa mama mjamzito, na akamulie ndimu katika mboga yake, na chai aiahirishe hadi baada ya chakula kutulia, kwani chai huzuia ufyonzaji huo.

Mtu mzima huhitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Pera moja la wastani hutosha na kuzidi.

Ama kuhusu mafua, tafiti zimeonesha kuwa vidonge vya kila siku haviwazuii watu wa kawaida kuugua. Hupunguza muda wa kuugua kidogo tu. Dozi ikipita miligramu 1000, chini ya nusu yake ndiyo hufyonzwa. Inayobaki tumboni huleta kuharisha, na sehemu ya iliyofyonzwa hugeuka oksaleti, ambayo ikikutana na kalisi katika mkojo huweza kufanya mawe ya figo. Katika joto letu, mtu atokwaye na jasho jingi na kunywa maji machache amekwisha kuikaribia hatari hiyo kabla hajameza kidonge.

Waliowahi kupata mawe hayo, wenye maradhi ya figo na wenye chuma kingi mwilini wanashauriwa wasitumie dozi kubwa bila ya kumuona daktari. Wazazi nao wazingatie kwamba kiwango cha juu kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni miligramu 400 kwa siku. Kidonge kimoja cha mtu mzima kimepita mara mbili ya kiasi hicho.