Ukimya kazini si ugonjwa

SWALI: Mimi ni mhasibu. Vikaoni naongea kwa nadra, na mchana napenda kula peke yangu. Wenzangu wanasema naringa. Nijibadilishe?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Carl Jung alieleza kuwa wapo ambao nguvu ya nafsi zao huelekea nje, kwa watu, na wapo ambao nguvu yao huelekea ndani, kwenye fikra. Wote ni wazima. Omba ajenda kabla ya kikao, andika hoja mbili, uzitoe mapema kabla mjadala haujapamba moto. Asubuhi wasalimie wenzako kwa majina, uwaulizie na watoto. Hawatadhani unawakwepa mchana. Ila hofu ikikuzuia kufanya kazi, muone mshauri nasaha.