Dondoo muhimu: Kiingereza chako kisikwame katikati

Ukifika ngazi ya B2 unafuata habari na kujieleza bila taabu kubwa. Kinachokurudisha nyuma ni makosa madogo yaliyozoeleka.

1. Sikiliza kipindi kifupi, kama 6 Minute English cha BBC, mara mbili: kwanza bila maandishi, kisha ukiyafuata.
2. Jirekodi kwa simu ukisimulia ulichosikia, halafu jisikilize na uorodheshe makosa yako.
3. Chunga he na she; kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi jinsia, ulimi huteleza hapo.
4. Usiongeze irabu mwishoni mwa neno linaloishia na konsonanti.
5. Kabla ya kutuma barua pepe, kagua kila nomino: inataka a, the, au haitaki chochote?
6. Andika neno jipya pamoja na lile linaloandamana nalo: make a decision, si decision peke yake.
7. Ukikosa neno katika mazungumzo, lieleze kwa maneno mengine uendelee. Usirudi kwenye Kiswahili.
8. Soma riwaya kama Paradise ya Abdulrazak Gurnah, na ufungue kamusi kwa maneno yanayojirudia tu.
9. Ukijiandaa na mtihani wa IELTS, andika insha ya maneno 250 kwa dakika 40, kisha mpe anayekuzidi aisahihishe.
10. Usikariri majibu ya mtihani wa kuzungumza. Mtahini huyatambua upesi.
11. Tenga dakika 20 kila siku badala ya saa 3 za Jumapili.