Gari Likipiga Filimbi: Tafuta Mahali Vumbi Linapopita

Bwana mkulima, huenda una pikapu ya dizeli inayopeleka maziwa yako kituoni na viazi vyako sokoni. Huenda pia fundi amekutolea lile sanduku la chujio la hewa lililokuja na gari, akatia mahali pake bomba jipya na chujio la wazi lenye umbo la pia. Wengi hufanya hivyo wakitumaini kupata nguvu zaidi. Kisha gari huanza kulia kwa namna ambayo halikulia zamani. Je, ni kawaida au ni ugonjwa? Hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

Kwanza fahamu kazi ya chujio. Injini ya lita mbili na nusu, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 2,500 za hewa kila dakika. Ikiwa na tabo, yaani ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani, huvuta zaidi. Wakati wa kiangazi, katika barabara za murram, hewa hiyo imejaa vumbi. Vumbi likipita bila kuchujwa, husugua silinda na ringi za pistoni kama msasa. Injini huanza kula oili, hutoa moshi wa buluu, na mwisho hutaka kufunguliwa yote. Kazi hiyo yaweza kukugharimu ng'ombe wa maziwa.

Sasa sikiliza vizuri. Sauti ni za namna tatu.

1. Mvumo mzito. Husikika ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachilia. Huu si ugonjwa. Sanduku la zamani lilikuwa likifunika sauti, na sasa halipo. Hata mlio mwembamba wa tabo utausikia zaidi kuliko zamani. Lakini ukisikia chuma kikikwaruza chuma, simamisha gari umwite fundi.

2. Kugongagonga. Bomba limelegea au linagusa bodi. Zima injini, litikise kwa mkono, kaza bolti, na uweke kipande cha mpira mahali linapogusa. Usipuuze, maana bomba linalotikisika siku zote hutoboka au huchomoka.

3. Filimbi, au sauti ya hewa kufyonzwa. Hapa pana tundu. Tundu likiwa kati ya tabo na injini, filimbi husikika zaidi gari likipanda mlima na mzigo. Hewa hutoka nje, nguvu hupungua na moshi mweusi huonekana. Tundu likiwa kati ya chujio na tabo, hewa chafu huingia bila kuchujwa. Hili ndilo la hatari kabisa, kwa sababu gari laweza kwenda vizuri huku linaharibika.

Namna ya kulitafuta tundu:

Zima injini uiache ipoe. Fungua bomba baada ya chujio, pangusa ndani kwa kitambaa cheupe mpaka pawe safi, kisha lifunge vizuri. Tumia gari juma moja, halafu pangusa tena. Utando mdogo wa oili si neno. Lakini ukiona vumbi jekundu, au ukihisi chembe za mchanga kati ya vidole, jua kwamba vumbi linapita.

Baada ya hapo kagua kila kiungo. Je, klipu za kubania mipira zimekaza? Je, mpira umepasuka upande wa chini, usikoonekana upesi? Je, chujio limekaa sawa shingoni mwa bomba? Angalia pia ule mpira mdogo wa kupumulia injini, uliokuwa umeunganishwa na bomba la zamani. Mara nyingi husahauliwa, na tundu lake huachwa wazi.

Usipoona kitu, washa injini bila kukanyaga mafuta. Chukua mpira wa maji wa urefu wa mita moja, ncha moja iweke sikioni, na nyingine uipitishe polepole karibu na viungo. Penye tundu sauti itakuwa kubwa. Jihadhari na feni na mkanda wake. Usivae nguo inayoning'inia. Usitegemee povu la sabuni upande huu, kwa maana hewa inaingia, haitoki, na povu halitafura. Wala usinyunyize petroli kutafuta tundu. Watu wameungua kwa njia hiyo.

Ukiliona tundu, badilisha mpira uliopasuka. Kuufunga kwa vipande vya tyubu ni kwa kufikia nyumbani tu. Kaza klipu mpaka ishike, lakini isiukate mpira. Chujio la kupakwa oili lataka kipimo: ikipungua, vumbi hupita, ikizidi, huchafua kile kifaa kinachopima hewa, kama gari lako linacho.

Na kama umefanya haya yote na kitambaa bado kinatoka chekundu, rudisha sanduku la zamani. Kwa hiyo usiliuze wala usiwape watoto walichezee. Tena kumbuka kwamba chujio lililo wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto ya injini, na hewa ya moto ni nyepesi, hata ile nguvu uliyoitumaini pengine huipati.

Basi usiogope mvumo. Filimbi ndiyo ya kutafutwa leo, kabla hujapakia mzigo wa kesho. Kitambaa cheupe ni cha bei ndogo, injini siyo.