Kama ni pikapu ya stima, mbona ina tangi la petroli?

*Mimi ni mjane na mfanyabiashara wa ndizi hapa Nkubu. Nanunua mikungu Mitunguu na Kanyakine, nyingine nauza Meru mjini, na mara mbili kwa wiki napeleka mzigo Nairobi, soko la Wakulima. Pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu imechoka. Kifungua mimba wangu anataka tuiuze, tuweke hati ya shamba kwa sacco, tukope tununue pikapu ya stima aliyoiona kwenye simu. Anasema haitanywa mafuta. Juzi shemeji yangu akaniambia gari hilo lina injini na tangi la petroli kama mengine yote. Nilipomuuliza mwanangu alikasirika, akasema mimi sielewi mambo ya siku hizi. Tangu hapo hatuongei vizuri. Je, mtoto wangu ananidanganya?*
*Mama mwenye wasiwasi, Nkubu*

Mama, nianze na hilo linalokunyima usingizi: kwa nilivyosoma barua yako, sioni kwamba mwanao anakudanganya. Shemeji yako naye hakukosea. Gari lenyewe ndilo lina mambo mawili ndani yake, na hakuna aliyekaa chini akueleze yote mawili.

Magurudumu ya pikapu ya aina hii huzungushwa na mota za umeme tu. Umeme unatoka kwenye betri kubwa iliyolala chini ya gari, ambayo unaichaji kwa stima ya nyumbani. Betri ikikaribia kuisha, injini ya petroli inawaka yenyewe. Lakini injini hiyo haikuunganishwa na magurudumu. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, na jenereta ndiyo inayotoa umeme wa kuendelea na safari. Jambo hili si geni kwetu. Vichwa vya treni ya SGR, vinavyovuta mabehewa kati ya Mombasa na Nairobi tangu 2017, hufanya vivyo hivyo: injini ya dizeli inazungusha jenereta, umeme unasukuma magurudumu. Ambacho treni hizo hazina ni betri kubwa ya kuchajiwa usiku ili asubuhi uondoke bila kuchoma tone la mafuta.

Nadhani alichokiona mwanao kwenye simu ni pikapu ya Marekani, Ram, iliyotangazwa Novemba 2023 na ahadi ya kwenda zaidi ya kilomita 1,100 ikiwa betri na tangi vimejaa. Imeahirishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na usukani wa magari ya Marekani uko kushoto, ambao sheria yetu hairuhusu kwa gari la kawaida la biashara. Lakini wazo lenyewe ni zito. Desemba 2025 kampuni ya Ford ilitangaza kuacha kuunda pikapu yake ya betri pekee, na kwamba itakayofuata itabeba jenereta. Betri peke yake huisha haraka mno gari likibeba mzigo mzito au likivuta trela, na wanunuzi wa pikapu hawakukubali hilo. China nao wamo: Changan wana pikapu ya namna hii, Hunter, yenye betri inayobeba yuniti 31 hivi za stima, inayouzwa pia Thailand, ambako wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Ukitajiwa Shark ya BYD, iliyoingia Afrika Kusini 2025, ujue hiyo ni ndugu wa karibu tu, kwa sababu injini yake inaweza kusaidia kuzungusha magurudumu moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye ndizi zako, maana hapo ndipo neno la "haitanywa mafuta" linapopungukiwa.

Pikapu ya kiasi hicho ikiwa imejaa mikungu, kwenye lami, tuseme inakula yuniti 30 kwa kila kilomita 100. Betri ya yuniti 31 haitumiki hadi tone la mwisho, kwa hiyo hesabu kilomita 80 au 90. Ukitoka Nkubu umejaza chaji, unapita Igoji, Chuka, na kabla hujafika Embu jenereta inanguruma. Nairobi bado iko mbali. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 400, na usipopata mahali pa kuchaji ukiwa Nairobi, karibu robo tatu au zaidi ya safari hiyo utaikamilisha kwa petroli. Lita moja ya petroli ikipita kwenye injini, jenereta na mota hukupa takriban yuniti tatu. Kilomita 100 zitakula lita 10 hivi. Linganisha na mafuta unayotia leo. Nadhani hutaona tofauti ya kukufanya ukope.

Upande wa pili hesabu inageuka kabisa. Safari za Mitunguu, Kanyakine na Meru mjini ziko ndani ya uwezo wa betri. Stima ikikugharimu, tuseme, shilingi 25 kwa yuniti, kilomita 100 ni shilingi 750, na kwa petroli ya shilingi 180 kilomita hizohizo ni 1,800. Hapa mwanao ana haki ya kujivuna. Hata stima ikikatika usiku mzima, kama ilivyokatika karibu nchi nzima Agosti 2023, asubuhi bado unatoka kwa petroli. Gari la betri pekee lingebaki uani na ndizi zikiiva.

Kuhusu chaji yenyewe: soketi ya kawaida itachukua usiku kucha na pengine saa za ziada kujaza betri hiyo. Mwite fundi wa umeme aliyesajiliwa aangalie nyaya za nyumba kwanza, kwa sababu kuvuta stima nyingi namna hiyo kwa saa kumi mfululizo kwenye waya mwembamba ni kutafuta moto. Na uulize Kenya Power kuhusu bei maalumu ya kuchaji magari ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliiweka 2023: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 katika saa zenye matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo.

Naomba nikae kidogo kwenye daraja la Nithi, maana unapita pale mara nne kwa wiki na sitaki mtu akuuzie gari bila kulizungumzia. Wote tunakumbuka basi lililotumbukia pale Julai 2022 likaua zaidi ya watu 30. Kwenye mteremko, mota za gari hili hugeuka kuwa jenereta, zinazuia mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Ni msaada mkubwa kwa breki. Lakini betri ikiwa imejaa pomoni umeme huo hauna pa kwenda, na uzito wote unaiangukia breki ya kawaida. Ukitokea Nkubu, hadi Nithi betri itakuwa imepungua, hivyo nafasi ipo. Kupanda ng'ambo ni shida nyingine. Betri ikiwa imeisha, kama itakavyokuwa mara nyingi unaporudi, jenereta peke yake ndiyo inayobeba mzigo, na kwa kawaida nguvu yake ni ndogo kuliko ya mota. Gari litapanda, ila polepole. Dereva wako alijue hilo kabla hajajaribu kulipita lori.

Kodi nayo isikupite. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme mtupu ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Gari lenye injini ya petroli ndani yake si la umeme mtupu. Mwanao amwombe wakala wa forodha hesabu kamili kwa maandishi, akionyeshwa gari lenyewe. Kama ni la mitumba, lisizidi miaka minane. Aulize pia ni nani, na wapi, atakayetengeneza betri na mota, kwani makanika wako wa Nkubu ataiweza injini lakini umeme wa nguvu kubwa unaua.

Juu ya hati ya shamba nasema waziwazi: usiiweke. Siandiki hivyo kwa sababu gari ni baya. Shamba ndilo litakalokulisha ikiwa gari litalala miezi miwili likisubiri kipuri kutoka ng'ambo, na mkopo haulali. Kuna wakopeshaji wanaokubali gari lenyewe liwe dhamana, jina lao likiandikwa pamoja na lako kwenye kitabu cha gari mpaka umalize kulipa. Ikiwa hakuna atakayekubali kulikopeshea gari hilo kwa masharti hayo, hiyo pia ni habari muhimu kwako.

Sasa mwanao. Alikasirika, nadhani, kwa sababu aliona kama ameitwa mwongo kwa neno la shemeji yako. Mwite mkiwa wawili. Mwambie umeelewa gari linavyofanya kazi, umweleze kuhusu jenereta kwa maneno yako mwenyewe, atashangaa. Kisha mpe daftari aandike kila safari ya mwezi mzima: kilomita, kilo za mzigo, lita za mafuta. Mwisho wa mwezi mjumlishe pamoja kilomita za Mitunguu, Kanyakine na Meru mjini upande mmoja, za Nairobi upande wa pili. Kama za Nairobi ni nyingi zaidi, tafuteni pikapu ya dizeli iliyo nzuri kuliko mliyo nayo. Kama mnaweza kumuuzia mnunuzi wa jumla papo hapo Nkubu na kubaki na safari fupi, basi wazo la mwanao linastahili kupelekwa kwa mkopeshaji, na yeye ndiye aende nalo, akiwa na daftari hilo mkononi.