Laga Ikianza Kujaa: Kuhama au Kubaki?

Vimbunga vya bahari havifiki Kulamawe, Isiolo. Kinachohamisha watu huku ni laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, ambayo hujaa ghafla hata mvua ikiwa imenyesha mbali, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko katika kaunti ya Isiolo.

• Amua mchana. Kuhama usiku na watoto, maji yakishafika mlangoni, ni hatari kubwa.
• Boma lililo kando ya laga lihamwe mara Idara ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari. Jua kuwaka Kulamawe si ushahidi kwamba laga haitajaa.
• Aliye kwenye mwinuko penye nyumba imara abaki, akiwa na unga, dawa na maji safi ya siku kadhaa, maana barabara ikikatika lori halifiki.
• Mifugo itangulie. Wengi huchelewa kwa ajili ya mbuzi, na kosa kubwa ni kuwalaza mchangani mwa laga kwa sababu pana kivuli na kisima. Vitoto vya mbuzi vifunguliwe kamba mapema.
• Usivuke maji yanayokimbia: sentimita 15 humwangusha mtu mzima, 60 hubeba gari. Bodaboda ndio kabisa.
• Kitambulisho, kadi za kliniki na simu iliyochajiwa vifungwe kwenye mfuko wa plastiki.
• Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigiwa bila malipo kwa 1199.
• Usirudi maji yanapoanza tu kupungua. Wimbi la pili huweza kufuata.