Skrini Imebadilika Baada ya Apdeti? Irekebishe Kabla ya Kutuma Pesa



Jana jioni kompyuta ya duka ilikuwa sawa. Usiku ikajiapdeti. Asubuhi unaiwasha na kila kitu kimekuwa kikubwa kama maandishi ya bango la barabarani, au kimekuwa kidogo hadi unakunja macho. Unafungua ukurasa wa malipo: jina la mpokeaji limekatwa katikati, na kitufe cha kuthibitisha hakionekani.

Usiwe na wasiwasi. Mara nyingi kompyuta haijaharibika, na hii peke yake si dalili kwamba umedukuliwa. Ni mipangilio ya ukubwa wa skrini iliyobadilika wakati wa sasisho, na wengi wataweza kuirekebisha bila fundi.

Lakini kuna jambo moja ambalo hata ukisahau mengine yote tungependa ulikumbuke: skrini isiyoonyesha kila kitu si skrini ya kutumia kutuma pesa. Sehemu iliyojificha mara nyingi ndiyo ile inayokulinda, yaani jina, kiasi na ada.

Tunaliandika hili tukifikiria hasa watu wetu wa huku. Kwa mkulima anayepeleka majani chai kwenye kiwanda cha KTDA, bonasi huja karibu na Oktoba. Wakala ana foleni hadi nje, mweka hazina wa chama anagawa pesa, mwenye duka analipwa madeni ya miezi. Na ilikuwa ni Oktoba hiyo hiyo, tarehe 14 mwaka wa 2025, ambapo Microsoft ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10. Wengi wamehamia Windows 11, na kuhama kwa aina hiyo ni moja ya nyakati ambazo skrini hubadilika.

## Kwanza kabisa: je, kuna malipo yaliyokwama?

Kama skrini imebadilika ukiwa katikati ya kutuma pesa, usirudie kubonyeza. Chukua simu yako uangalie mambo mawili: je, meseji ya kuthibitisha imeingia? Na je, salio limepungua? Kama yote mawili hayajatokea, angalia pia orodha ya miamala kabla ya kujaribu tena. Kutuma mara mbili ni rahisi. Kurudishiwa si rahisi, hasa mpokeaji akishatoa pesa.

Kama mteja amesimama mbele yako na haraka yake, mhudumie kwa simu. Kompyuta inaweza kungoja.

Pia, usitumie kitufe cha Tab na Enter kwenye kibodi "kutafuta" kitufe kilichojificha. Ni kweli hufanya kazi, lakini hutajua umebonyeza "Ghairi" au "Tuma". Huo ni mchezo wa pata potea.

## Kwa nini skrini hubadilika?

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni idadi ya nukta. Skrini ni nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari. Skrini nyingi za bei nafuu zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Nyingine zina 1920 kwa 1080.

Cha pili ni ukubwa wa vitu, ambao Windows huuandika kwa asilimia: 100, 125, 150 na kuendelea. Asilimia ikipanda, maandishi na vitufe hukua. Lakini skrini yenyewe haikui, kwa hivyo vitu vichache ndivyo vinavyoenea.

Hebu tupige hesabu. Skrini ya 1366 kwa 768 ikiwekwa asilimia 125, nafasi inayobaki ni kama ya skrini ya 1093 kwa 614. Ikiwekwa 150, inabaki kama 911 kwa 512. Ukurasa uliokuwa umeenea vizuri sasa unamwagika chini na pembeni, na kitufe cha mwisho ndicho huwa cha kwanza kupotea.

Brauza nayo ina ukubwa wake. Windows ikiwa 125 na brauza 125, ukubwa hauwi 125 tena. Unazidishana na kufika karibu 156. Ndiyo maana mtu hurekebisha sehemu moja na bado aone shida.

Na hatari iko wapi? Tuseme mweka hazina wa chama pale Kaplelartet anataka kumtumia mwanachama shilingi 1,500. Bahati mbaya anaongeza sifuri moja. Kisanduku cha kiasi kimebanwa, kwa hivyo anachoona ni 1500, huku sifuri ya mwisho imejificha upande wa kulia. Jina nalo limekatwa, anaona herufi nne tu za mwanzo. Akibonyeza, pesa za mwezi mzima za chama zimeenda, na hakuna alichoona kibaya.

## Rekebisha kwa hatua hizi

Fuata mpangilio huu, kutoka rahisi hadi ngumu. Ukifika mahali skrini imekuwa sawa, simama hapo.

1. Zima na uwashe. Funga programu zote, kisha chagua "Restart" badala ya kuchomoa waya. Baadhi ya masasisho hayamaliziki hadi kompyuta iwashwe upya.

2. Angalia brauza. Je, ni ukurasa mmoja tu ulio mkubwa huku vitu vingine viko sawa? Basi shida si Windows. Shikilia kitufe cha Ctrl na ubonyeze sifuri. Ukurasa utarudi kwenye ukubwa wake wa kawaida. Saa zingine mtu hugusa Ctrl huku akizungusha gurudumu la mausi, na ukurasa ukakua bila yeye kujua.

3. Angalia ukubwa wa Windows. Bonyeza mausi upande wa kulia ukiwa mahali patupu kwenye skrini, kisha uchague "Display settings". Tafuta neno "Scale". Chagua asilimia iliyoandikwa "Recommended", yaani inayopendekezwa kwa skrini yako. Ukiona bado vitu havienei, teremka ngazi moja, kwa mfano kutoka 150 hadi 125.

4. Angalia nukta. Hapo hapo chini kuna "Display resolution". Chagua tena iliyoandikwa "Recommended". Skrini ikizima kidogo au ikawa vibaya zaidi, tulia tu bila kugusa kitu. Usipothibitisha, Windows huirudisha ilivyokuwa baada ya sekunde 15.

5. Angalia kama kuna namba ya kujiwekea. Kama mtu aliwahi kuandika asilimia yake mwenyewe chini ya "Custom scaling", huenda ndiyo inayosumbua. Iondoe, utoke kwenye akaunti ya Windows, kisha uingie tena.

Una skrini mbili? Kila moja ina ukubwa wake. Kwenye "Display settings" chagua kwanza skrini namba 1 au 2 ndipo ubadilishe. Usishangae ukurasa ukiwa sawa huku na mbaya kule.

Macho yako yanahitaji maandishi makubwa? Usipandishe kila kitu. Ingia "Settings", kisha "Accessibility", kisha "Text size", ukuze maandishi peke yake. Kwa mzee anayeendesha duka lake na hataki kuvaa miwani siku nzima, hii ni njia nzuri kuliko kupandisha skrini yote. Ukimaliza, pitia bado lile jaribio la vitu vinne tulilolieleza hapa chini.

## Kama skrini ina ukungu na chaguo ni chache

Ukifungua "Display resolution" ukakuta chaguo moja au mawili tu, kwa mfano 800 kwa 600 au 1024 kwa 768, na picha ina ukungu, basi tatizo ni draiva. Draiva ni programu ndogo inayoiambia Windows jinsi ya kuongea na kifaa cha picha ndani ya kompyuta. Sasisho linaweza kuiondoa au kuweka isiyofaa.

Bonyeza mausi upande wa kulia kwenye alama ya Windows pale chini, uchague "Device Manager", kisha ufungue "Display adapters". Ukikuta imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", Windows inatumia draiva ya dharura tu. Una njia tatu:

- Ingia "Windows Update", kisha "Advanced options", kisha "Optional updates", uone kama kuna draiva inayokusubiri.
- Kama draiva ina jina lingine na shida ilianza baada ya sasisho, ifungue, nenda "Driver", ubonyeze "Roll Back Driver" ili kurudisha ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna ya zamani iliyohifadhiwa.
- Pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, iwe ni HP, Dell au Lenovo. Usipakue kutoka tangazo linaloruka kwenye skrini likisema draiva yako imezeeka.

## Kama yote yamekataa

Unaweza kuondoa sasisho la mwisho. Ingia "Settings", kisha "Windows Update", kisha "Update history", teremka hadi "Uninstall updates". Kama ulihama kutoka Windows 10 kwenda 11, una siku 10 tu za kurudi bila kupoteza mafaili, kupitia "Recovery" na kitufe cha "Go back".

Lakini fikiria kabla ya kurudi. Windows 10 isiyopata masasisho ya usalama ni kama duka lenye kufuli ambalo ufunguo wake unazidi kusambaa. Kwa kompyuta inayoshika pesa za watu, ni afadhali kupambana na draiva kuliko kubaki nyuma. Na kuzima masasisho yote milele si suluhisho. Yasimamishe kwa wiki moja au mbili, urekebishe skrini, kisha uyaruhusu tena.

## Jihadhari na "msaidizi" wa haraka

Wakati kompyuta inasumbua ndipo matapeli hupata mlango. Tunataka uwe wazi juu ya haya:

- Hatutakupigia simu kukuambia kompyuta yako ina tatizo.
- Hatutakuomba uweke AnyDesk, TeamViewer au programu nyingine ya kumruhusu mtu aendeshe kompyuta yako akiwa mbali.
- Hatutakuomba PIN, nywila au namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji. Kamwe.

Ukiona ukurasa umejaza skrini nzima ukiwa na namba ya simu na maneno ya kutisha, usipige. Funga brauza. Ikikataa, zima kompyuta.

Ukipeleka kompyuta kwa fundi, iwe ni Sondu, Sosiot au Kericho mjini, toka kwanza kwenye akaunti yako ya malipo na ufute nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Fundi wa skrini hahitaji kuingia kwenye pesa zako ili afanye kazi yake. Akirudisha mashine, badilisha nywila.

## Jaribio la vitu vinne

Kabla ya kurudi kazini, fungua ukurasa wa malipo. Andika namba yako mwenyewe au ya mtu wa nyumbani, weka kiasi chenye tarakimu tano kama 10000, usonge hadi ukurasa wa kuthibitisha. Usithibitishe. Uliza tu, je, naona vitu hivi vinne kwa pamoja bila kusogeza ukurasa?

1. Jina lote la mpokeaji.
2. Namba yote ya simu.
3. Kiasi chote, hadi sifuri ya mwisho, pamoja na ada.
4. Kitufe cha kuthibitisha na cha kughairi, vyote viwili.

Vikiwa vinne, ghairi na uendelee na kazi. Vikiwa vitatu, bado hujamaliza; rudi hatua ya 2.

## Siku zijazo

Apdeti kompyuta jioni baada ya kufunga, si asubuhi ya siku ya malipo. Kwenye "Windows Update" kuna "Active hours": weka saa zako za kazi ili isijiwashe upya ukiwa na wateja. Chagua siku ambayo stima haichezi na bando inatosha, kwa sababu sasisho likikatika katikati linaweza kuleta shida kubwa kuliko ya skrini. Na leo, kabla hujasahau, piga picha ya ukurasa wa "Display settings" kwa simu ukiwa bado sawa. Siku mambo yakibadilika utakuwa na namba zako za kurudia.

Umejaribu yote na bado ukurasa wetu wa malipo haueni? Wasiliana nasi kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu, ukitaja aina ya brauza, asilimia ya skrini na idadi ya nukta. Ukipiga picha ya skrini, ficha kwanza salio na majina ya wateja. Hapo tutajua pa kuanzia, na wewe utarudi kuhudumia watu wako ukiona kila shilingi inakoenda.