ALAMA YA RANGI YA GARI: NAMNA YA KUITAFUTA, NA NAMNA YA KULINDA KIFUA

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani,

Somo letu la leo ni juu ya rangi ya magari. Wengine watauliza: rangi ya gari inamhusu nini msaidizi wa mganga? Jibu ni hili. Fundi anayetafuta rangi kwa macho tu huchanganya, hupuliza, huona haifanani, husugua, kisha huchanganya na kupuliza tena. Kila mara anapopuliza, mvuke unaingia kifuani. Kila mara anaposugua, vumbi linaingia puani na kubaki katika nguo. Fundi anayejua alama ya rangi hufanya jaribio dogo juu ya kibati, kisha hufanya kazi yake na kumaliza. Kwa hiyo alama ya rangi inapunguza gharama, na inapunguza ugonjwa pia.

1. ALAMA YA RANGI NI NINI?

Kila kiwanda cha magari huipa kila rangi yake alama. Alama hiyo huwa tarakimu tu, au tarakimu na herufi pamoja. Neno «nyeupe» halitoshi, kwa maana nyeupe ziko nyingi: nyeupe ya maziwa, nyeupe ya chokaa, nyeupe inayoelekea kijivu. Alama inataja moja tu kati ya hizo.

Lakini alama haina maana bila jina la kiwanda. Chukueni mfano wa 040. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe, ile tunayoiona kila siku juu ya magari ya Goma. Kwa Mercedes-Benz, 040 ni nyeusi. Anayekwenda dukani na kusema «nipe 040» bila kutaja kiwanda anaweza kurudi na rangi nyeusi kwa gari jeupe. Basi andika mambo matatu pamoja: kiwanda, mwaka wa gari, na alama.

Mwaka una maana yake. Kampuni ya Caterpillar ilianza kupaka mashine zake manjano mwaka 1931, ili zionekane vizuri barabarani. Mwaka 1979 ilibadili manjano ile kwa manjano nyingine. Kwa hiyo katapila la mwaka 1975 na katapila la mwaka 1985 hayana manjano moja, ingawa yote mawili yanaitwa manjano.

2. ALAMA INAKAA WAPI?

Usiitafute katika karte roze. Humo utakuta jina la rangi tu. Tafuta kibati au karatasi ya kiwanda iliyobandikwa juu ya gari lenyewe.

a) Toyota. Katika Land Cruiser na Hilux nyingi za zamani, fungua kifuniko cha injini na tazama ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva. Katika magari mapya zaidi, fungua mlango wa dereva na tazama nguzo ya mlango. Tafuta maandishi C/TR. Alama ya kwanza, kabla ya mstari, ni rangi ya nje. Alama inayofuata ni ya viti na mapambo ya ndani. Wengi hukosea hapa.

b) Nissan na Mitsubishi. Kibati mara nyingi kiko ndani ya chumba cha injini. Tafuta neno COLOR.

c) Mercedes-Benz. Tazama chuma cha mbele kinachoshika radiatori, au nguzo ya mlango. Rangi ni tarakimu tatu.

Usichanganye alama ya rangi na namba ya shasi. Namba ya shasi ni ndefu, na haisemi rangi kwa macho. Lakini ihifadhi: kibati kikiwa kimeoza au kimeng'olewa, muuzaji wa kiwanda anaweza kuitumia namba ya shasi kutafuta rangi katika vitabu vyake.

Kabla ya kufungua kifuniko, zima injini na ngoja ipoe. Vaa glavu. Safisha kibati kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Usikikwaruze kwa kisu wala kwa msasa, kwani alama ikifutika imepotea.

3. KWA NINI ALAMA PEKE YAKE HAITOSHI?

Alama inasema gari lilitoka kiwandani na rangi gani. Haisemi liko na rangi gani leo.

Kwanza, magari mengi yanatufikia yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na mengine yamepakwa upya njiani. Fungua mlango wa tangi la esansi, au tazama chini ya zulia. Ukikuta huko rangi nyingine, alama ya kibati haitakusaidia kwa rangi ya nje.

Pili, rangi huzeeka. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na uko karibu na ikweta. Jua letu ni kali. Nyiragongo nayo hutoa gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua hufanya maji yenye asidi. Ninyi mmeona mabati ya nyumba yanavyooza. Rangi ya gari nayo inapauka. Vumbi la mawe ya volkano linaikwaruza kila siku.

Tatu, kiwanda kikitumia alama moja kwa miaka mingi, kundi la magari ya leo linaweza kupishana kidogo na kundi la jana. Duka zuri la rangi lina michanganyo kadhaa kwa alama moja.

4. NAMNA YA KULINGANISHA

Duka hupima rangi za msingi kwa gramu juu ya mizani, kufuata karatasi ya alama ile. Ukikosea gramu chache, rangi inabadilika. Fuata hatua hizi:

– Osha na ng'arisha sehemu ya zamani kabla ya kulinganisha. Usilinganishe rangi mpya na uchafu.
– Puliza rangi juu ya kibati kidogo, si juu ya gari. Ngoja ikauke kabisa, kwa maana rangi mbichi na rangi kavu hazifanani.
– Linganisha nje, mchana, kivulini. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na kutofautiana mchana.
– Kama rangi ina unga wa kumetameta, itazame kwa mbele, kisha kwa upande.
– Tofauti ikibaki kidogo, usiishie katikati ya bati. Fifisha rangi kidogo kidogo hadi bati la jirani, ili jicho lisione mpaka.

Jambo moja la kidaktari: watu wengine huzaliwa wasioweza kupambanua baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Ni wanaume kuliko wanawake. Si ugonjwa, wala si aibu, na mara nyingi mwenyewe hajui. Mganga Mjapani Shinobu Ishihara alitoa mwaka 1917 kitabu cha picha za madoa cha kupima jambo hilo, na kinatumika hata leo. Anayetaka kuwa fundi wa rangi apimwe kwanza.

5. HATARI TATU

Hatari ya kwanza ni dawa ya kugandisha. Rangi nyingi za kisasa za magari ni za vikopo viwili: rangi, na dawa inayoigandisha. Katika kopo la pili mara nyingi kuna kitu kinachoitwa isosianati. Kitu hiki kinaweza kuleta pumu kwa mtu mzima ambaye hakuwa nayo kamwe. Ubaya wake ni huu: harufu yake haikuonyi mapema. Ukiisikia, umekwisha kuvuta nyingi. Na mwili ukishaanza kuikataa, hata kidogo sana kinaweza kukaba pumzi, na watu wamekufa kwa hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, mfanyakazi haruhusiwi kutumia rangi yenye kitu hiki zaidi ya asilimia 0.1 kabla ya kupata mafunzo.

Ugonjwa huu hudanganya. Tuseme fundi anapuliza rangi mchana, na kifua kinabana usiku akiwa kitandani. Anasema ni baridi. Mwingine anasema ni moshi wa Nyiragongo, mwingine anasema ni kifua kikuu. Sisi katika dispansere tunauliza swali moja: «Je, siku za mapumziko unapata nafuu, na ukirudi kazini unaanza tena?» Akijibu ndiyo, tunafikiri juu ya kazi yake.

Ndugu fundi, usifiche kikohozi hicho kwa kuogopa kupoteza kazi. Aliyeondolewa mapema kwenye rangi anaweza kupona. Aliyejificha miaka mingi anaweza kubaki na pumu maisha yote. Na ninyi wakubwa wa kazi: mtu wa namna hiyo apewe kazi nyingine, asiadhibiwe kwa kusema kweli.

Hatari ya pili ni risasi. Siyo risasi ya bunduki, bali madini ya risasi yaliyotiwa katika rangi nyingi za manjano, za machungwa na nyekundu, hasa za mashine na makamyo ya zamani. Ukisugua rangi hizo kavu, unatengeneza vumbi la sumu. Dalili zake ni tumbo kuuma, choo kufunga, uchovu, kichwa kuuma na damu kupungua. Mambo haya hayakuanza leo: mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mapatano nambari 13 juu ya risasi nyeupe katika rangi, na vijana wa chini ya miaka 18 walikatazwa kuitumia katika kazi za rangi za viwandani. Basi tusimtie mtoto wa ndugu yetu katika kusugua rangi kwa kisingizio cha kujifunza.

Hatari ya tatu ni dawa ya kulegeza rangi, na esansi inayotumiwa badala yake. Mvuke wake unalevya na kuumiza kichwa. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hapa Goma hatuhitaji maelezo marefu: tunajua mazuku, ile gesi inayolala katika mabonde na kuua watoto na mbuzi wasioiona. Mvuke wa esansi nao hutambaa chini na kujaa katika shimo la garaji. Tofauti ni kwamba huu unashika moto. Mbabula ya mama anayeuza chakula mlangoni inatosha kuuwasha.

6. SHERIA ZA KAZI YA RANGI

1) Soma kopo kabla ya kulifungua. Ukiona neno isosianati, kwa Kifaransa isocyanate, fuata sheria zote zilizo hapa chini.
2) Puliza mahali penye hewa ipitayo, mbali na watu wengine. Usipulize katika chumba kilichofungwa.
3) Maske ya karatasi na kitambaa cha puani havizuii mvuke. Bora ni maske inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama ni maske ya vichujio vya mkaa, badilisha vichujio kwa tarehe, usingoje harufu. Ndevu huacha hewa chafu ipite pembeni.
4) Vaa miwani, glavu na nguo za mikono mirefu. Isosianati hupita pia katika ngozi.
5) Usivue maske mara tu unapoweka pistole chini. Ukungu wa rangi bado uko hewani.
6) Sugua rangi ya zamani kwa msasa wa maji, si kavu. Kusanya matope yake, usiyatupe mtaroni wala ziwani.
7) Sigara, mbabula na kuchomelea vyuma vikae mbali. Usioshe mikono kwa esansi, tumia sabuni.
8) Usile wala kunywa penye rangi.

Mwenzako akikabwa na pumzi: mtoe nje penye hewa, mkalishe wima, fungua nguo shingoni, mpeleke kwa mganga mara moja. Usimpe maziwa ukifikiri yatamsafisha mapafu. Maziwa hayafiki huko.

7. KWA MAMA WA NYUMBANI

Vumbi la risasi hurudi nyumbani juu ya nguo. Mtoto anayemkumbatia baba yake mlangoni analivuta na kulila kwa vidole. Kwa mtoto, hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara: huharibu akili inayokua. Kwa mama mwenye mimba, risasi humfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo baba avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kurudi. Ikishindikana, nguo ziletwe ndani ya mfuko uliofungwa, zifuliwe peke yake, wala zisikung'utwe. Makopo ya rangi yasitumiwe kuchotea maji wala kupimia unga, hata yakioshwa mara kumi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kibati cha Toyota kimeandikwa C/TR. Alama ya kwanza ni ya nini?
2. Kwa nini lazima utaje kiwanda pamoja na alama?
3. Kwa nini tunalinganisha rangi kavu, mchana?
4. Fundi anakohoa usiku na kupata nafuu siku ya mapumziko. Afanye nini?
5. Nguo za fundi wa rangi zifuliwe namna gani?

Someni somo hili pamoja nyumbani, baba, mama na watoto wakubwa. Asiyeweza kujibu la nne arudi kwenye sehemu ya tano, na mwenye kikohozi cha namna hiyo aje dispansere kesho asubuhi, kabla ya kushika pistole.

Msaidizi wa mganga, dispansere ya kampuni, Goma